Fomu Arobaini za Uongo

Bwana asifiwe, kanisa! Na nyinyi wa huko nyuma, Bwana asifiwe! Mimi ni Mwende, naishi hapa Kianda. Ninalosema leo, hata mume wangu amelijua juzi tu.

Ndugu zangu, nilikuwa nasomea digrii ya pili, afya ya mama na mtoto. Msimamizi wangu wa kwanza alikuwa mtu wa "nitumie, nitasoma." Miaka miwili hakusoma! Nashinda soko la Toi nikiuza nguo za watoto, jioni naandika, na hakuna anayenijibu. Nikachoka. Nilitakiwa kuhoji akina mama mia moja huko Kawangware. Nikahoji sitini. Fomu arobaini zilizobaki nikakaa kitandani nikajaza mwenyewe. Nani angejua?

Msimamizi huyo akahama, nikapewa Daktari Akoth. Huyo alisoma kila kitu. Akaniita ofisini, akatandaza fomu mezani.

"Mwende, hawa mama arobaini wanajibu kama mtu mmoja. Uliwaona kweli?"

Nilifungua mdomo nidanganye. Ndugu zangu, ulimi ulikataa! Nikalia. "Hapana, daktari. Niliwatunga."

Akazikusanya zile fomu. Kisha akasema, "Hizi tunatupa. Utaandikia kamati ukweli, wewe mwenyewe. Halafu tunaenda Kawangware."

"Tunaenda?"

"Mimi na wewe. Kuna mtu alipaswa kutembea na wewe tangu mwanzo."

Kamati ilinisimamisha muhula mzima. Niliona aibu, sitaficha. Niliporudi, Jumamosi sita tulizunguka Kawangware mpaka mtaa wa Satellite, viatu vimejaa matope. Mama wa kwanza tuliyemhoji alikuwa ameacha kwenda kliniki. Kwa zile fomu zangu nilikuwa nimeandika kwamba wanaacha kwa sababu ni mbali. Huyu alitwambia, "Mbali wapi? Ni hapo tu. Nilitukanwa mbele ya watu, sikurudi."

Singeweza kutunga hiyo! Na wengi wakasema vivyo hivyo. Hapo ndipo utafiti wangu ulipozaliwa. Nilihitimu, na leo kazi yangu ni utafiti. Nina wanafunzi wawili, na wakinitumia kazi, nasoma. Asante Yesu!

Ndugu yangu, kama umebeba uongo wa kazi ama wa shule, usilale nao wiki nyingine. Mwambie Mungu, halafu umwambie yule mtu unayemwogopa. Bwana atakushika. Mimi, yule wangu nilimwogopa sana, na leo amekuja kuabudu nasi, yuko benchi ya pili. Daktari, simama wakuone!