Bi Swafia Aliyetufundisha Kuogopa

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Bi Swafia Abdulhalim anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha mikebe kwa miaka thelathini na minne, karibu yote katika sehemu ya vifuniko. Aliingia akiwa msichana wa Kibokoni mwenye buibui jipya. Anatoka akiwa msimamizi wa zamu ya asubuhi na bibi wa wajukuu ambao anaogopa hata kuwahesabu, asije akawatia kijicho. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu tumekaa mashine moja siku nyingi, na pia, nadhani, kwa sababu inajulikana kuwa mimi simsifu mtu kwa uongo.

Basi naanza na ukweli. Bi Swafia ni mwoga. Anaogopa paka, anaogopa lifti, anaogopa simu ikilia wakati wa chakula. Birika la umeme la jikoni kwetu huliwasha kwa ncha ya mwiko, huku amevaa kandambili za mpira. Daraja la kuelea lilipokuwapo pale Liwatoni, sisi wa ng'ambo ya Likoni tulivuka kila jioni, naye alitusindikiza hadi linapoanzia, akatuaga kama watu wanaokwenda vitani, akarudi zake mjini kwa miguu.

Tulimtania sana. Jibu lake lilikuwa moja siku zote: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wengi wetu tuliichukua kuwa methali tu, kama zile za kwenye leso. Lakini yeye alipoisema hakuwa akicheka, na wageni kiwandani hawakukawia kujua kwa nini.

Bi Swafia ni mtoto wa fundi bati. Marehemu babake alitengeneza koroboi na mikebe ya samli katika Mji wa Kale, na binti alijua tangu utotoni kwamba bati huukata mkono kimya kimya, damu ikatangulia na uchungu ukafuata. Alipoajiriwa aliwekwa kwenye mashine ya vifuniko. Kwa asiyeijua, ni mashine ambayo chuma kizito hushuka juu ya bati, kifuniko kikatoka, kisha chuma kikapanda tena. Mbele ya chuma hicho kuna wavu wa kinga unaouzuia mkono usiingie wakati si wake. Siku hizo, kazi ikiwa nyingi, ilikuwa desturi kuuvua wavu na kuuegemeza ukutani, maana ulichelewesha mikono. Kila mtu alijua. Msimamizi wa wakati ule alijua pia, naye aligeukia upande mwingine.

Asubuhi moja Bi Swafia aliuona wavu uko ukutani, akaogopa. Lakini aliogopa zaidi kuchekwa, akanyamaza. Kabla ya chai, mwenzake aitwaye Kitsao alikuwa amepoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia. Kila alipompokea mfanyakazi mgeni, Bi Swafia alimsimulia habari hiyo bila kujipendelea, na akaimaliza kwa maneno yale yale.

“Niliona, nikanyamaza. Wewe ukiona, sema.”

Kitsao leo anauza mabegi ya safari Mwembe Tayari, penye mabasi ya bara, na biashara yake ni nzuri kuliko mishahara yetu. Atakuwa meza ya mbele kwenye hafla ya kumuaga siku ya Ijumaa. Mtamtambua kwa utani wake na akina mama.

Bi Swafia alipofanywa msimamizi alituletea desturi ambayo sijasikia iko kiwanda kingine. Kila asubuhi, kabla ya umeme kuwashwa, zamu nzima husimama duara, na kila mtu husema jambo moja analoliogopa siku hiyo. Mtu haruhusiwi kusema kwamba haogopi kitu. Haruhusiwi kumcheka mwenzake. Mwanzoni tulimwona amechanganyikiwa. Faiz, mbeba mabati wetu, mwenye mabega mapana na mdomo mpana zaidi, kwa miaka alisema kila siku kwamba anamwogopa mama mkwe wake. Bi Swafia aliitikia kwa kichwa, akaenda kwa anayefuata, nasi tukauma midomo mpaka tukatokwa na machozi.

Lakini woga wa watu wengine ulikuwa na maana. Mmoja aliogopa mkanda ulionuka moto, mwingine mafuta yaliyomwagika sakafuni, mwingine mabati yaliyoingia na madoa ya kutu. Zamani tulitengeneza vitu vikishaharibika, na siku nzima ikapotea. Sasa vilitengenezwa vingali vinalalamika. Lundo la mikebe mibovu nyuma ya kiwanda likapungua hata kuku wa mlinzi wakakosa kivuli.

Hayo hayakutosha. Miaka mitatu iliyopita wenye kiwanda walituita, wakatuambia kwamba mikebe inayoshushwa bandarini kutoka ng'ambo inauzwa kwa bei ambayo sisi hatuwezi hata kununulia bati. Tusipoongeza uzalishaji katika nusu mwaka, mashine zitang'olewa, jengo ligeuzwe ghala la mikebe hiyo hiyo ya kigeni. Sitaisahau siku ile. Wengine wetu tulikuwa na watoto shuleni, wengine wagonjwa nyumbani. Kutoka kwenye lango letu kontena zinaonekana zikipita barabarani, na kila moja ilipopita mtu alijiuliza kama ndiyo iliyobeba kazi yake. Kwenye duara la kesho yake kila mtu alisema jambo lile lile moja, hata Faiz. Mama mkwe alisahauliwa.

Aliletwa injinia, Beryl Auma, mwanamke mpole asiyependa kukaa ofisini. Alisimama nasi wiki nzima akitazama, nasi tukamwogopa kama mtu aliyekuja kutuchagulia wa kufukuzwa. Alichokiona tulikuwa tunakijua, ila hatukuthubutu kukisema: mashine zilisimama mara nyingi mno, na siku zote mkono uliozisimamisha ni wa Bi Swafia. Sauti ngeni, amesimamisha. Harufu, amesimamisha. Mtu akipiga chafya karibu na swichi nyekundu ya kuzimia mashine, amesimamisha. Mlezi wetu ndiye aliyekuwa akituchelewesha. Tulidhani atapewa barua ya kwenda nyumbani.

Auma alimwita kando, nami nilikuwa karibu nikifagia vipande vya bati, nikasikia.

“Mama, woga wako ni mali. Shida ni kwamba unaogopa kila kitu sawasawa.”

Bi Swafia alinuna siku mbili. Siku ya tatu wakakaa pamoja, yeye na Auma, wakaugawa woga wetu mafungu. Kuna woga wa damu, ambao ukitokea mashine husimama papo hapo na hakuna mtu anayeulizwa kitu. Kuna woga wa bati, yaani wa kazi kuharibika, ambao husubiri mapumziko. Na kuna woga wa moyo, ambao mtu huusema kwenye duara, akasikilizwa, kisha akaendelea na kazi. Wa mama mkwe uliingia hapo.

Sijaona ushujaa kuliko ule wa Bi Swafia wiki zile za kujifunza. Mkanda ulipiga kelele, naye akijua ni woga wa bati, alisimama amefunga mikono nyuma, jasho linamtoka, anasoma Ayatul Kursi midomo ikienda mbio mpaka king'ora cha chakula kilipolia. Auma naye alipunguza umbali wa kubeba mabati kwa kuyasogeza karibu na mashine, akapanga upya meza za ukaguzi, akahakikisha kila chombo kina mahali pake. Uzalishaji ukapanda. Hatukuamini, tukaogopa hata kufurahi.

Ikaja siku ya mnunuzi. Alikuwa bwana wa kampuni ya kusindika samaki, na alitaka kutuona tukifanya kazi kabla ya kuamua kununua kwetu au kuagiza ng'ambo. Wenye kiwanda walikuwapo, wamevaa tai. Tuliambiwa kwa upole, lakini tulielewa, kwamba leo mashine isisimame. Katikati ya kazi, mwendo ukiwa wa juu kabisa, Bi Swafia akanyoosha mkono akabonyeza swichi nyekundu.

Kiwanda kilinyamaza. Mmoja wa wenye mali aliuliza kuna nini, kwa sauti ambayo sipendi kuikumbuka. Bi Swafia alijibu kwamba amesikia wavu ukigonga. Mashine ikafunguliwa, ikakaguliwa kote. Hapakuwa na kitu. Wavu ulikuwa mzima, misumari imekaza. Nilitamani sakafu inimeze kwa niaba yake. Auma peke yake ndiye aliyesimama mbele ya wenye tai.

“Huu ni wa damu,” alisema. “Wa damu hauulizwi.”

Tukawasha tena. Mnunuzi aliaga, akaondoka, na wiki zilizofuata watu walikula kwa mazoea tu. Jibu lilipokuja, lilikuwa ndiyo, kwa mwaka mmoja. Aliandika kwamba mikebe yake hubeba chakula cha watu, na anataka kuinunua mahali ambapo mfanyakazi anaweza kusimamisha mashine mbele ya tajiri wake. Tangu hapo mkataba huo huandikwa upya kila mwaka, na kila Agosti hofu hurudi ikakaa nasi kama mgeni mwenye chumba chake. Mwaka huu utajadiliwa Septemba, naye Bi Swafia hatakuwapo.

Sasa niseme jambo ambalo limetunyima raha tangu Ramadhani. Asubuhi moja kwenye duara zamu yake ilifika, akakawia kusema. Tulidhani ni paka tena.

“Masikio yangu yamechoka, wanangu,” alisema. “Nachelea mashine italia siku moja, nami nisiisikie.”

Kelele za miaka yote zilikuwa zimemla. Sheria ya duara ni kwamba mtu hajibiwi, lakini tulitazamana. Siku zote hizo tulikuwa tumemwachia yeye kuogopa kwa niaba yetu. Tulisema vitu vyetu asubuhi, mashine zikawaka, na baada ya hapo kila mmoja alitegemea masikio ya Bi Swafia. Hakuna aliyewahi kubonyeza swichi nyekundu isipokuwa yeye. Tuliona ni kama kiti cha mkubwa, mtu hakikalii. Kuanzia siku ile nilifanya kazi nikimwangalia yeye. Alisimama pale pale, amekaza macho kwa kuwa masikio yamekataa, nami nilijua kwamba haisikii mashine yangu.

Jumatatu ya wiki hii kazi ilikuwa nyingi. Bi Swafia alikuwa hatua chache kutoka kwangu, Faiz akipita na bati begani. Ghafla bati likaanguka chini kwa kishindo, na mashine yangu ikazimika. Niligeuka nikiwa na hasira, maana nilidhani ameteleza. Faiz alikuwa ameshika swichi nyekundu kwa mikono miwili, midomo imemkauka, na hakuna utani wowote usoni mwake.

“Wa damu,” alisema.

Bi Swafia hakuwa amesikia kitu. Mimi pia sikuwa nimesikia. Fundi akafungua. Safari hii kitu kilikuwapo: msumari mmoja wa wavu umekatika, wa pili umebaki kwa uzi, na wavu umeinama kiasi cha kupitisha mkono. Mkono wangu ulikuwa njiani.

Bi Swafia alikaa juu ya sanduku la vifuniko, akajifunika uso kwa mtandio, akalia. Faiz alichuchumaa mbele yake akimwomba radhi, maana alidhani amemvunjia heshima. Bi Swafia alipoweza kusema, alimshika Faiz kichwa kama mtoto wake na kumwambia kwamba sasa yeye Swafia anaweza kwenda nyumbani.

Kwa niaba ya zamu ya asubuhi, Bi Swafia, tunakushukuru. Ulitupa kitu ambacho kontena haziwezi kutuletea kwa bei yoyote. Septemba inakuja na tunaiogopa, na tutasema hivyo kwenye duara, kila mtu kwa zamu yake. Wewe lala mpaka jua lipande juu ya Kibokoni, unywe kahawa yako bila kutega sikio. Mungu akupe umri wa heri, wajukuu wengi usiowahesabu, na nyumba isiyoingia paka.

Wasifu huu nimeuandika kwa mkono wa kulia, na vidole vyake vyote vitano vipo. Mwandiko si mzuri, na anayepiga chapa amenilalamikia. Nimemwambia mkono bado unatetemeka, na nauacha utetemeke.

Kadzo,
mashine ya vifuniko, zamu ya asubuhi