Shelfu Fupi ya Mwalimu Agustina Mokami

Mwalimu Agustina Mokami Mogesi, tunayemzika leo hapa Kerende, alizaliwa Nyarero tarehe 14 Machi 1984. Mvua ya mawe ilikuwa inapiga mabati, lakini kilio chake kiliizidi, na fisi wote wa upande ule walihama wiki hiyohiyo. Hawajarudi mpaka leo. Anayebisha aende akawatafute.

Alisoma shule ya msingi palepale Nyarero, sekondari Tarime mjini, akahitimu ualimu mwaka 2007. Mwaka uliofuata alipewa darasa la sita katika shule ya jirani na hapa, akakuta vitabu vimefungiwa ofisini ili visichafuke. Aliviomba, akanyimwa. Akaomba tena, hadi wakachoka kumnyima. Akaongeza vingine: vya maandishi makubwa kwa ajili ya Hamim, mtoto mwenye ualbino aliyeona kwa shida, vya picha nyingi kwa waliochelewa kujua kusoma, na hadithi za Kikurya za bibi yake, ambazo zote ni za kweli.

Ikabaki shelfu. Fundi Joel Machage alileta moja ndefu, imara, ya kufika dirishani. Mwalimu akamwita Ghati, mwanafunzi aliyetambaa kwa mikono kwa sababu miguu yake haikuwa na nguvu.

"Chukua kitabu unachotaka."

Ghati akafika, akanyoosha mkono, akashika hewa.

"Fundi, hii umewatengenezea twiga."

"Mwalimu, si atamwomba mwenzake ampe?"

"Wewe ugali wako huwa unamwomba nani akupe? Irudishe."

Aliirudisha mara tatu. Mara ya nne alileta shelfu inayoishia magotini, na nyuma yake wamekuja wazee wa posa. Fundi na Mwalimu walifunga ndoa Agosti 2010.

Mkaguzi mmoja aliwahi kuja, akasema vitabu vikae juu. Mwalimu akamjibu kwa upole, "Shikamoo mzee. Chagua kimoja kwanza." Mkaguzi akapiga magoti kuchagua, suruali ikachanika. Wanaosema mlio ulifika Sirari wanaongeza chumvi. Uliishia Nyamongo.

Mwaka 2023 aliugua saratani ya titi, akatibiwa Mugumu na Mwanza. Akiwa kitandani alisikia shelfu imepigiliwa ukutani, juu. Akaomba kanga na nyundo.

"Mama Sarah, wewe ni mgonjwa," Joel akasema. "Tutakwenda kesho."

"Kesho watoto watakuwa wameshazoea kuomba."

Wakaenda. Yeye alikaa sakafuni, Joel akang'oa misumari.

Alifariki tarehe 9 Juni 2025, hospitalini Mugumu. Tangu juzi kuna wanaonong'ona kwamba sasa, kwa kuwa mwenyewe hayupo, shelfu ipandishwe. Wamo humu, wamekalia viti vyetu na wanakunywa chai yetu. Karibuni, muongezewe sukari. Ila mjue kwamba jana Joel alichota saruji ya kaburi, akaenda shuleni, akaimwaga kwenye miguu ya ile shelfu. Imekauka. Anayetaka kuipandisha aipandishe pamoja na shule. Kaburi limepungukiwa kidogo pembeni, na marehemu ameridhika.

Ameacha mume, Joel, watoto wawili, Sarah na Mogesi, mama yake Nyangi, bibi yake, na darasa la sita lote.

Yeye apumzike kwa amani. Ugomvi wake atuachie sisi.