Fundi Miwani Aliyesema Hajui

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, shemeji yangu, wapwa zangu, majirani, na ninyi mliosimama nje kwa kukosa nafasi, mimi ni kitinda mimba wa familia hii, mdogo wa marehemu, na kamati imenipa dakika kumi za kusoma historia ya dada yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Miwani, nami nawaomba radhi mapema kwamba huenda nikapitiliza, kwa sababu ndani ya historia hii kuna barua niliyoiandika mimi, na kuna jambo nimelinyamazia miaka thelathini, na leo sirudi nalo nyumbani.

Dada alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba yetu seremala, aliyetengeneza haya mabenchi mnayoyakalia, na mama yetu mshonaji, akabatizwa hapa hapa akiwa na miezi mitatu, na mama alituambia kwamba alilia kuanzia jina la Baba mpaka Amina, bila kituo.

Alianza shule ya msingi Januari 1958, na kwa miaka miwili alishika mkia darasani, mwalimu akamwita kichwa kizito, mpaka daktari wa macho alipopita shuleni mwaka 1960 akagundua kwamba mtoto haoni ubao, akapewa miwani, na jioni ile ile, akiwa anaanua nguo uani, akatazama juu, akaziangusha nguo zote chini na kukimbilia ndani kuwaambia wazazi kwamba mbinguni kuna vitone, kumbe miaka tisa yote alidhani watu wakitaja nyota wanamtania. Mama alizifua nguo upya, na Dada tangu siku hiyo akawa hakamatiki, darasani wa kwanza, akamaliza kidato cha nne Novemba 1969.

Mwaka 1970 alianza kujifunza kazi kwa fundi miwani wa karibu na stendi, na tarehe 3 Februari 1975 akafungua chumba chake mwenyewe, mlango wa pili kutoka kwa fundi viatu, chumba chenye dirisha moja, gurudumu la kusagia lenzi, na kitambaa cheupe laini kilichoning'inia kwenye msumari, ambacho hata mume wake hakuruhusiwa kukigusa. Mliowahi kufuta miwani kwa pindo la shati mbele yake mnajua mlichoambiwa, sina haja ya kukirudia kanisani, itoshe kusema kwamba kwa miaka arobaini na nane hakuna kioo kilichotoka mikononi mwake kikiwa na alama ya kidole.

Alifunga ndoa tarehe 11 Desemba 1976 na shemeji yangu huyu hapa, mpiga chapa, aliyefika dukani kukaziwa skrubu moja ya miwani akarudi na skrubu ile ile mara tano, nayo haikuwa inalegea yenyewe, shemeji usiiname, watu wote wanajua. Mungu akawajalia watoto watatu, mwaka 1978, 1981 na 1985, na wajukuu saba, wote wanavaa miwani.

Kuanzia mwaka 1979 alifundisha shule ya Jumapili, na hapo ndipo penyewe. Tarehe 9 Agosti 1992 mtoto mmoja wa miaka minane alimuuliza, kama Mungu ameumba watu kwenye nyota nyingine, je, Yesu aliwafia na wao, au wana Yesu wao, naye Dada akamjibu hivi, "Sijui, lakini aliyewaumba hawezi kuwasahau," kisha akawasomea watoto habari za kondoo wengine wasio wa zizi hili, akisema kwamba wengi huuelewa mstari huo kuwa unahusu mataifa, lakini si dhambi kuusoma ukiwa umetazama juu. Maneno yana miguu, ndugu zangu, Jumatatu ilisemwa kwamba Dada anafundisha Yesu ana ndugu kwenye mwezi, na kufikia Jumatano alikuwa ameshaongea nao kwa simu.

Baraza la wazee likamwita, nami nilikuwa katibu, kijana mwenye kalamu mpya na hamu kubwa ya kuitwa mzee. Mmoja alisema Biblia imewanyamazia viumbe hao, kwa hiyo hawapo, mwingine akasema wakiwapo basi ni mapepo, wa tatu akasema Mungu hapangiwi mahali pa kuumba lakini hilo lisifike kwa watoto, na Dada akajibu kwa upole kwamba Biblia imeinyamazia miwani pia, na wazee wote watano wanaisoma kwa miwani, kisha akasema kwamba Biblia ni barua ya Baba kwa watoto wa nyumba hii, na baba anayemwandikia mwanawe aliye bwenini, akimwelekeza njia ya kurudi nyumbani, hamjazii karatasi kwa habari za watoto wengine, wala hiyo si dalili kwamba hana wengine. Nikaona wanaanza kuelewa, nami ndiye niliyesema ni lazima asimamishwe kufundisha, nikaandika barua ya tarehe 7 Septemba 1992, yenye maneno kwamba Neno liko wazi kuwa uhai uko duniani tu, na hakuna mzee aliyenizuia.

Dada hakununa, alisaga lenzi kwa miezi minne, akaunda darubini ndefu kama bomba la mvua, akatualika baraza zima uani kwake Ijumaa tarehe 29 Januari 1993, saa moja jioni, mwezi ukiwa nusu, si kutuonyesha viumbe, alisema, bali tuone tu jinsi nyumba ya Baba ilivyo kubwa. Nikajipenyeza mbele, nikabandika jicho, na naapa mbele ya jeneza hili kwamba niliwaona, weusi, wembamba, wenye miguu mirefu, wakitembea juu ya mwezi kwa mstari, nami niliyeandika kwamba hawapo nikapiga yowe mtaa mzima ukasikia kwamba wapo, wanatembea, wanakuja.

Dada aliinama kana kwamba anarekebisha darubini, akaninong'oneza, "Hizo ni kope zako, nyamaza." Kisha akasimama, akawageukia wazee, akawaambia kwamba wamsamehe, kioo chake kilikuwa kichafu.

Kioo kilikuwa safi, ndugu zangu. Nasema hivi kwa mara ya kwanza. Alijipaka tope ili mimi nisichekwe, nami nikakubali, nikaandika kwenye kumbukumbu kwamba chombo cha mama huyu ni kichafu na kinadanganya, baraza likathibitisha adhabu, na wateja wakahamia kwingine wakisema fundi gani huyu asiyejua kufuta kioo. Alikaa benchi la nyuma mpaka Januari 1997, mchungaji mpya alipomrudisha darasani, na miaka yote hiyo miwani yangu alinitengenezea yeye, bila neno.

Mwezi Aprili 2021 madaktari waligundua kwamba moyo wake umepanuka, akatibiwa, akapata nafuu, akazidiwa Mei mwaka huu, na alipojua safari imefika aliagiza nimsomee historia hii wodini, akacheka sana penye skrubu, akachukia nilipofika mwaka 1992, kwa sababu nilikuwa nimeandika kwamba aliendelea kumtumikia Mungu kwa njia mbalimbali. Akaniambia, "Umeruka miaka yangu minne. Usiniandike mtakatifu, na wewe usijifiche." Alituaga Alhamisi, tarehe 8 Juni 2023, saa kumi na dakika ishirini jioni, nikiwa nimemshika mkono.

Basi sijajificha. Mbele ya baraza, ambalo jana lilinikubalia kwa sauti moja, naitangua barua ile, kwa kuwa nimeisoma Biblia tangu Mwanzo hadi Ufunuo nikiutafuta huo mstari ulio wazi, na haupo, nimekuta tu kwamba vyote, vya duniani na vya mbinguni, vinapatanishwa kwa Mmoja, na moyo wangu unadunda kwa furaha ambayo mtu hapaswi kuwa nayo msibani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani mliopika na kulala nasi, fundi viatu aliyefunga duka lake siku nne, mafundi miwani wenzake, na watoto wa shule ya Jumapili waliomwimbia dirishani.

Dada, darasa lako nalichukua mimi kuanzia Jumapili, na mtoto akiniuliza nitamjibu kwamba sijui. Wewe umeshajua. Pumzika, Dada yangu, kwa amani yake aliyeviumba vyote.