Hereni Moja, Kiyama Mapande Matatu

Mbele ya karakana ya Fundi Jalada, ambaye kazi yake ni kushona na kujalidi vitabu, pana benchi la mbao lililolainishwa na suruali za miaka ishirini. Sheria ya benchi hilo ni moja tu: gazeti hununuliwa moja, hugawanywa mapande matatu, na kila mtu hubishana kwa pande lake. Asubuhi ile halikugawanywa gazeti; iligawanywa riwaya. Mpwa wake Fundi, binti wa miaka kumi na saba, alikuwa ameandika kwa mkono kisa cha msichana katika siku za mwisho wa dunia, akamwachia mjomba wake neno moja: "Wazee wakisema inafaa, ishone, iende kwa wachapishaji leo. Wakisema haifai, naiwashia jiko." Sasa alikuwa ndani, nyuma ya pazia, akikunja karatasi zisizohitaji kukunjwa. Fundi, ambaye hakujaaliwa mtoto na ndiye aliyemshika binti huyo mkono katika herufi yake ya kwanza, alimimina kahawa, na buli likagonga kikombe mara mbili.

— Haya, wakubwa zangu, mnaionaje?

— Kali, ndugu yangu, alijibu Wembe, kinyozi wa jirani, aliyepewa pande la kwanza. Ila tuelewane: dunia ile imemalizwa na jua. Kwangu mimi jua linachomoza saa tano, limechoka, halina mwale hata mmoja. Limenyolewa!

— Nani kalinyoa?

— Hilo kaliulize jua. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa zako tia maji. Mwezi haukutia maji. Unaona sasa?

— Sioni kitu, alidakia Povu, dobi, mwenye pande la kati. Kwangu jua halipo kabisa, mbingu nyeupe pee. Mbingu imechujuka, bwana! Imefuliwa kwa maji ya moto, na ile si nguo ya maji ya moto.

— Kaifua nani?

— Mvua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hiyo nayo inahusianaje?

— Mvua si iliinama? We vipi?

Fundi alisoma vyuoni ujanani mwake, na alijua vyema kwamba elimu ya Saa ile ya Kiyama iko kwa Mola peke yake. Ilimpasa anyamaze. Lakini benchi lina shetani wake.

— Nyote mmepotea, alisema. Kwangu nyota zinadondoka kwa mafungu, kumi na sita, kumi na sita, kama kurasa za kitabu kinachofumuka. Huo ni uzi! Mbingu ilishonwa kwa uzi mbovu, ikaachia mgongoni.

— Basi kumbe mhalifu ni fundi mwenzako!

— Mkamateni kabla hajaishona upya!

Wakacheka mpaka benchi likalia. Katikati ya kicheko Fundi alitanabahi kwamba nyuma ya pazia karatasi zimeacha kukunjwa. Kahawa ikamchachukia kinywani. Vikombe viwili vya kahawa vimepita, jua na mbingu vimehukumiwa, na hakuna aliyesema inafaa au haifai.

Hapo ndipo aliposhuka tarishi, mwanamke mwenye baiskeli na mfuko wa barua begani. Alikuwa amekuja kuchukua kifurushi. Akaambiwa asubiri, basi, kwa kusubiri, akaokota ukurasa wa kwanza kutoka mapajani mwa Wembe, akausoma wima, midomo ikimcheza.

— Samahani, wazee wangu. Huyu binti anatoka kwao na hereni moja mfukoni, akamrudishie dada yake waliyegombana naye. Alifika?

Kila mmoja akapekua pande lake.

— Kwangu mimi anavuka daraja, alisema Wembe polepole. Hereni kaifumbata mkononi.

— Kwangu kaifunga kwenye ncha ya kitambaa, alisema Povu. Mimi nilidhani ni pambo tu. Nilikuwa natafuta mbingu.

Wote wakamgeukia Fundi, mwenye pande la mwisho.

— Sijafika huko. Nimesoma kurasa tatu, nikaogopa.

— Mtu mzima mzima! Uliogopa nini?

— Kwamba hatafika.

Tarishi aliegemeza baiskeli ukutani, akajibana mwisho wa benchi.

— Gari la barua linaondoka saa sita, na sasa ni saa nne. Someni, tena muanze mwanzo.

— Lete pande lako!

— Futa mikono kwanza, Povu, utailowesha!

Mapande yakarudishwa pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu lichongwe, benchi likabeba kitu kimoja kizima. Fundi akasafisha koo, akasoma. Alikuwa ukurasa wa pili pazia liliposogea.

— Mjomba, wamesemaje? Niwashe jiko?

— Na wewe usituambie kama alifika! alifoka Wembe, mkono juu.

— Washa, mama, alisema Fundi bila kuinua macho. Lakini washa kwa mkaa. Kahawa imekwisha, na hapa haondoki mtu mpaka yule binti afike.