Barabara Iliyokwisha Kwenye Televisheni

Lori letu la kwenda Kindu lilizama matopeni hadi milangoni, sisi tukiwa juu ya magunia ya mchele. Mama Amisa alikuwa amempakata jogoo wa harusi ya mwanawe, iliyokuwa ifungwe Kindu kesho yake.

Tambwe, abiria aliyevaa tai, akamwambia, "Barabara hii ilishakwisha, mama. Wakubwa walikata utepe. Niliona kwenye televisheni."

"Basi shuka, papa, uikanyage."

Akashuka. Matope yakafika kwenye tai. "Ni lami," akasema, "haijakauka tu."

Mke wangu alifia kwenye lami hiyohiyo, akikimbizwa hospitali. Yeye hawakumwonyesha kwenye televisheni.

"Kesho tutafika?" Mama Amisa akamwuliza dereva.

Dereva akazima injini, akavua viatu, akajinyoosha kitini alale.

Mama Amisa akamtazama jogoo, akaomba kisu.