Sidi Karisa, Aliyemlea Mbodze

Habari hizi amezisema mumewe, Mzee Gunga Kahindi, ambaye hakusoma. Zimeandikwa na jirani yao, Nasiha. Anazisoma Becky, mpwa wa marehemu.

Sidi alizaliwa Ganze tarehe 2 Aprili 1958, mtoto wa pili wa Karisa na Kache. Alizaliwa njiani, mama yake akitoka kuteka maji, na ndoo haikumwagika. Ndivyo alivyokuwa akisimulia mwenyewe. Gunga hakuwepo.

Alisoma huko huko Ganze mpaka darasa la nne, akaachishwa abaki na wadogo zake. Lakini kusoma kulikuwa kumeshamwingia. Hata karatasi iliyofungiwa maandazi aliisoma kwanza ndipo akaitupa.

Mwaka 1979 alikuja Mombasa, akawa yaya Kizingo. Nyumba tatu, miaka thelathini na mitatu, watoto kumi na mmoja. Wengine sasa ni wazazi. Mmoja wao, Jared, amesimama kule nyuma.

Alifunga ndoa na Gunga, kuli wa bandari pale Mbaraki, tarehe 11 Desemba 1982. Walipanga chumba Kibokoni na hawakuhama. Tarehe 3 Mei 1986 walipata binti, Mbodze. Alipoanza kusimama kwa kushikashika vitu, Gunga alimkanyagisha karatasi ya sukari, akauzungushia mguu penseli, apate kipimo cha kununulia viatu. Mbodze alicheka akauvuta mguu, mstari ukaenda kombo penye kidole gumba. Viatu havikununuliwa. Surua ilimchukua tarehe 19 Januari 1987, akiwa na miezi minane. Hawakujaliwa mwingine, na jina lile halikutajwa tena chumbani.

Maradhi ya sukari yalipomwachisha kazi, Sidi alimwendea Nasiha, mwenye duka la uchapaji, amtengenezee ukurasa wa malezi mtandaoni, yaani blogu. Alitaka herufi kubwa.

"Anayesoma ana mtoto mkono mmoja, mwanangu, na usingizi machoni."

Picha za watu alikataa. Juu kabisa aliweka mchoro wa mguu mdogo. Andiko la kwanza, Septemba 2013, lilianza hivi: "Leo Mbodze wangu ametimiza miezi tisa." Akawa anaandika kila wiki, kwa jina la Mama Mbodze.

Gunga alijua mkewe anaandika mambo ya watoto. Hakujua ni mtoto gani. Wakila, Sidi alikuwa akimuuliza:

"Gunga, mtoto wa miaka mitano akiogopa kunyolewa, babake amwambie nini?"

"Amwambie atanyolewa yeye kwanza."

"Ukinifanyia mzaha nitakunyima samaki."

"Si mzaha."

Alidhani ni wale wa Kizingo. Alijibu, akaendelea kula.

Mwaka jana figo zilishindwa. Sidi alifariki hospitalini tarehe 6 Machi 2025, saa nne asubuhi, Gunga amemshika mkono. Jana yake alikuwa amemwambia, "Mbodze ameanza gredi ya saba." Gunga alidhani ni homa.

Siku ya tatu ya matanga walikuja wanawake asiowajua, waliopata habari kwenye ukurasa ule. Mmoja, Truphosa wa Makupa, alikuwa ameshika sweta ya shule.

"Pole sana, baba. Mbodze yuko wapi nimpe pole? Mamake aliandika kuwa sweta ya zamani imembana."

Gunga alimpa kiti.

Nasiha ndiye aliyemweleza, akamsomea ukurasa wote, siku mbili. Mguu ule Gunga aliutambua mwenyewe, na kombo lake. Humo ndani akayasikia maneno yake mwenyewe: "Babake amemwambia atanyolewa yeye kwanza." Miaka kumi na miwili alikuwa akilea, hana habari. Tangu hapo mlango ukilia, hugeuka kuangalia nani ameingia.

"Mzee," Nasiha alisema, "tukiandika, watasema walidanganywa. Tukinyamaza, nani atajua?"

Gunga alikoroga chai mpaka ikapoa. Akisema, mtoto atakufa mara ya pili, na safari hii kwa kinywa chake. Asiposema, Truphosa atarudi na sweta.

"Andika," akasema. "Waambie mafunzo ni ya kweli, aliyapata kwa wale kumi na mmoja. Mbodze alimtamani tu. Kama kuna lawama, waniletee mimi."

Marehemu alitanguliwa na wazazi wake, ndugu zake wote ila mmoja, na binti yake Mbodze, wa miezi minane, aliyezikwa hapa hapa makaburini Mbaraki. Ameacha mume, Gunga. Dada mmoja, Nyevu. Mpwa wake Becky. Na watoto kumi na mmoja aliowalea. Ameacha pia Mbodze wa miaka kumi na miwili. Huyo, kina mama, Gunga hamwezi peke yake. Mkimkumbuka, mtajeni.

Mungu amlaze Sidi pema, kando ya mtoto wake.