Mimi, Mhasibu na Faini ya Karakana

Wapendwa wa Rusimbi, nanyi wageni wetu wa Mwandiga, nawasalimu katika jina la Bwana anayeokoa roho, na akipenda huokoa na karakana pia. Asifiwe!

Ndugu zangu, mnanijua. Nilianza kwa kubeba magunia bandarini hapa Kigoma. Nilijilipia masomo mwenyewe, bila mjomba wala mfadhili, nikavuka bahari, na nchi ilipopata Uhuru nikarudi na diploma ya ufundi wa mitambo. Wengine walikwenda huko wakarudi na kofia tu. Leo boti yoyote inayonguruma kati ya Bangwe na Ujiji, injini yake imepita mikononi mwangu. Sijisifu. Nasema ili mjue Bwana alimtoa shimoni mtu wa namna gani.

Mnajua kwamba kila mwaka mwenye karakana hupeleka hesabu zake ofisi ya kodi kabla ya siku iliyowekwa, na lazima atie sahihi yake mwenyewe. Mimi ni mtu wa injini, sina muda wa kujumlisha risiti za grisi. Kwa hiyo nilimpa kazi hiyo ndugu Yeremia, mhasibu, yule pale mwenye miwani. Ni Muha kama mimi, tena muumini wa kanisa hili hili.

Siku ya mwisho ilipokaribia, nilikuwa naelekea stesheni, safari ya Tabora kutafuta vipuri. Yeremia akapita kwa baiskeli. Nikamwuliza, "Hesabu lini?" Sisi watu wa kazi hatupotezi maneno. Akanijibu bila kushuka kwamba jana. Basi zimeshakwenda! Habari ya sahihi yangu hata haikunijia kichwani. Nikapanda treni na amani yangu.

Niliporudi nilikuta faini ya kuchelewa. Na onyo juu yake: isipolipwa kabla ya mwisho wa mwezi, karakana inafungwa kwa kufuli la serikali. Ndugu zangu, karakana ile ndiyo jasho langu lote. Nikaenda moja kwa moja kwa Yeremia.

"Uliniambia umezipeleka jana!"

"Mimi? Nilikwambia kesho, fundi. Nikakungoja na kalamu uje utie sahihi, kumbe mwenzangu uko Tabora unakula kuku."

"Unaniita mwongo?"

"Sikuiti mwongo. Naona tu huko ulikosoma hawakufundisha kusikia."

Maneno hayo aliambiwa mtu mwenye diploma, mbele ya akina mama wanaoanika dagaa! Wakacheka. Mmoja akasema, "Bepari kabanwa." Azimio lilikuwa bado jipya masikioni, na kila mwenye spana mbili alikuwa bepari.

Nikaapa kwamba silipi. Yeye naye akaapa halipi, maana atakayelipa amekiri kosa. Siku zikaenda, kufuli likisogea, nasi tumenuna. Vijana wa karakana hawakuweza kunisemesha. Kusali nilisali, lakini nikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, kikohozi kinanishika. Mke wangu akasema, "Baba Neema, kifua gani hiki kinachokohoa mahali pamoja tu?" Nikamwambia ni vumbi la chuma.

Mchungaji akasikia. Akatuita sote wawili pamoja na wazee wa kanisa. Mchungaji wetu, kama mjuavyo, ametoka Mbeya, na Kiha hajui hata cha kuombea maji. Nikaeleza kwa Kiswahili sanifu kwamba huyu alisema jana. Yeremia akaeleza kwamba alisema kesho. Nikapiga meza, naye akapiga meza.

Mchungaji akasema, "Ngojeni. Sitaki maana. Nataka neno lenyewe lililotoka kinywani. Fundi, alisemaje?"

"Alisema ejo."

"Na wewe Yeremia, ulisemaje?"

"Nilisema ejo."

Wazee wote wakaangua kicheko. Mzee mmoja akashika mbavu akatoka nje. Mchungaji akawa anageuka huku na huku, "Mbona mnacheka? Nani amekiri?"

Kwa ninyi msiojua, kwa Kiha ejo ni jana, na ejo ni kesho pia. Injini ina gia ya mbele na ya nyuma, na kila moja ina jina lake. Sijui babu zetu walikuwa na shughuli gani hata wakakosa nafasi ya kutafuta neno la pili. Na sisi wawili, wiki zote hizo tulikuwa tunagombana kwa Kiswahili juu ya jambo tulilolisema kwa Kiha!

Tukaenda pamoja ofisi ya kodi. Ofisa, kijana wa pwani, alitusikiliza, akacheka hadi machozi. Kisha akasema, "Wazee wangu, nimewaelewa kabisa. Faini iko palepale."

Nikasimama ili nimweleze mimi ni nani. Yeremia akanivuta koti. "Fundi, nyamaza, tulipe."

Nikanyamaza. Ndugu zangu, muujiza wangu ndio huo. Wanaonijua wanajua kwamba mlima ungehama kwanza. Tukalipa nusu kwa nusu, na karakana haikufungwa hata siku moja.

Sisemi kwamba siudhiki. Nikiiona stakabadhi ile naudhika hadi leo. Lakini chuki imetoka, sala naimaliza yote, na kifua changu ni kizima. Namshukuru Mungu, namshukuru mchungaji aliyeuliza swali ambalo sisi wenye lugha yetu hatukuuliza.

Na wewe uliyeketi hapo, kuna mtu humsemeshi, naye yumo humu humu, msidhani siwaoni. Unangoja ithibitike kwanza kwamba kosa ni lake. Usingoje. Mtumaini Bwana, uende ukiwa bado umeudhika, kama nilivyokwenda mimi. Yeremia, sogea kidogo kwenye benchi hilo. Nashuka nije nikae.